Skrinishoti ya Kikoba: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mtwara Mjini

Kabla hujasoma

Kisa hiki kilitokea Mtwara mjini, msimu wa korosho, kwenye kikoba ambacho mimi nilikuwa katibu wake, kwa hiyo sisimulii ya kusikia, na mbele huko utaona kwamba hata mimi mikono yangu haikuwa misafi. Jina la kikoba nimelitoa, mtaa nimeutoa, hela nimezigeuza kidogo ila nimehakikisha hesabu inakubali. Dada aliyekuwa anadaiwa nitamwita Mama Ming'oko. Hauzi ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, kwa hiyo usihangaike kwenda kumtafuta stendi, nimechagua tu jina ambalo mtu wa huku halimpi tabu mdomoni. Wengine nawaita kwa nafasi zao: Mhazini, Mwenyekiti, Wifi, na Bibi. Mama Ming'oko na Mhazini wote wamekubali niandike, kila mtu na masharti yake. Picha yenyewe siiweki, maana kufundisha watu kuhusu skrinishoti kwa kuwaonyesha skrinishoti ileile si ndo unaisambaza tena upya.

Usuli

Tulikuwa wanawake 27. Kikoba chetu ni cha kawaida kabisa, hisa kila Jumamosi, mfuko wa jamii pembeni, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mkopo unapewa mara tatu ya hisa zako na lazima uwe na wadhamini wawili humohumo ndani. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi kama vyetu viko daraja la nne, na katiba yetu ilikuwa na kurasa tisa. Ina faini ya kuchelewa, faini ya kuja bila kitenge cha sare, faini ya kusinzia kikaoni (usicheke, ipo). Simu haikutajwa popote, achilia mbali grupu la WhatsApp.

Grupu lenyewe lilianzishwa kwa ajili ya matangazo, kuna msiba, kikao kimesogezwa, leteni daftari. Taratibu likageuka baraza. Mtu akikosa hela ya mchezo anaomba humo, mtu akipata mjukuu anaweka humo, na marejesho yakaanza kuulizwa humo humo, yani kile ambacho zamani ulikuwa unaulizwa ukiwa umekaa kwenye mkeka na macho ya wenzako yanakuangalia, sa hivi unaulizwa ukiwa jikoni unageuza samaki.

Mama Ming'oko alikuwa amekopa 900,000, na asilimia 10 ikawa 990,000, anarejesha 165,000 kwa mwezi kwa miezi sita. Mbili alilipa kwa wakati, ya tatu ikaangukia katikati ya msimu, na yeye hesabu yake ilikuwa ni korosho. Kwa asiyejua huku kwetu, korosho hauuzi tu barabarani, unapeleka chama cha msingi, zinaingia ghala kuu, zinapigwa mnada, hela inakuja kwenye akaunti ya mkulima aliyeandikishwa. Sasa shamba wanalima wote wawili, kupalilia wote, kuokota ndo kabisa kazi ya mama na watoto, ila akaunti ni ya baba. Na mtu wa Mtwara au Lindi ukimwambia hela ya mnada imeingia lakini nyumbani haijafika, hahitaji kuambiwa sentensi inayofuata. Ni mwezi ambao pikipiki mpya zinaongezeka na ndoa mpya pia zinaongezeka.

Siku yenyewe

Ijumaa usiku, saa 3 na dakika 47, Mama Ming'oko alimwandikia Mhazini pembeni, sio kwenye grupu. Ujumbe mrefu. Kwa ruhusa yake nasema kilichokuwemo kwa ufupi: hela ya korosho imeingia kwa mume, mume hayupo nyumbani siku ya tano, yuko upande wa Newala kwa mwanamke mwingine, yeye hana hata ya kununua unga, anaomba asogezewe wiki tatu, na anaomba jambo hili lisitoke. Mhazini akamjibu vizuri kabisa. Hilo jibu nimeruhusiwa kulinukuu: "Usijali dada angu, hili ni langu mimi na wewe."

Jumamosi kikao hakikukaa, tulikuwa na msiba mtaa wa pili. Ndo maana maneno yakahamia kwenye simu. Kuna mwanachama alikuwa kwenye zamu ya kuchukua mkopo wiki hiyo na sanduku lilikuwa halitoshi, akauliza kwenye grupu kwa nini hela haijatimia. Akajibiwa na mwingine kwa ile lugha ya mafumbo tunayoijua sote, mara oh kuna watu wanabebwa, mara oh mwenye ufunguo ndo anajua, mara emoji ya panya na ya mkate. Mhazini alikuwa kimya muda mrefu, mimi naona tu "anaandika", anaacha, "anaandika", anaacha. Wamemgusa pabaya, kwa sababu mhazini ukishaitwa panya hata ukija na daftari safi watu wanaliangalia kwa pembeni.

Saa 5 na dakika 24 asubuhi akaweka picha. Chini yake akaandika kwamba mnaosema nakula hela someni wenyewe.

Ile picha, kuanzia juu

Naomba nikae hapa kidogo maana ndo penye somo, na wengi tunadhani tukipiga skrinishoti tunapiga maneno tu.

Juu kabisa, pale panapokaa saa na mtandao, kulikuwa na taarifa imeshuka ya ujumbe mwingine uliokuwa unaingia sekunde hiyohiyo. Nusu sentensi tu: mkopo wako umechelewa siku 4. Zile aplikesheni za mikopo. Kumbe Mhazini na yeye anadaiwa huko. Hakuiona wakati anapiga kwa sababu jicho lake lilikuwa linatafuta ujumbe wa Mama Ming'oko, jicho la mtu mwenye hasira haliangalii kingo za kioo.

Chini yake, jina. WhatsApp inaweka juu jina ulilomsevu mtu kwenye simu yako wewe, sio jina lake. Mhazini alikuwa amemsevu kwa jina la mwanae halafu mbele yake herufi kubwa: DENI SUGU. Ameniambia baadaye kwamba aliwasevu hivyo wanne, siku moja tu, ili wakipiga ajue aanzie wapi maongezi, na hakukumbuka hata kidogo kwamba lile jina linaonekana. Mama Ming'oko alikuwa hajawahi kuchelewa kabla ya hapo. Hata "sugu" yenyewe haikuwa kweli.

Kisha ujumbe. Na hapa lazima tumtendee haki Mhazini, hakuurusha mzima mzima. Alifungua sehemu ya kuhariri picha, akachukua ile kalamu akapaka mistari mitatu inayomhusu mume na Newala. Tatizo alichukua kalamu ya kupigia mstari, ile ya njano inayopitisha mwanga, kwenye kioo chake chenye mwanga hafifu ikaonekana imefunika. Mwanachama mmoja akaongeza mwanga wa simu yake, akavuta picha kwa vidole viwili, akasoma kila herufi. Njano ikawa imewasaidia, imewaonyesha waanzie wapi.

Na chini kabisa, jibu lake mwenyewe: hili ni langu mimi na wewe. Alisahau kulikata. Kwa hiyo picha aliyoileta kama ushahidi wa uaminifu wake ilikuja na ahadi yake imening'inia mwishoni, na watu 25 wanaisoma.

Saa 5 na dakika 35 akaifuta kwa wote. Dakika kumi na moja. Palipokuwa na picha pakabaki "Ujumbe huu umefutwa", kitu ambacho kwa waliokuwa msibani kilikuwa kama kengele, kila mmoja anauliza kilikuwa nini, nani anayo. Na kuna wanaotumia ile WhatsApp ya GB, isiyo rasmi, kwao ujumbe ukifutwa haufutiki.

Betri asilimia 9

Sasa zamu yangu.

Mimi nilikuwa admini. Tangu 2022 admini wa grupu ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote, nilikuwa najua, niliwahi kufuta matangazo ya dawa za nguvu humo. Ningebonyeza, nikafuta, yakaisha kwa dakika mbili, wengi wangekuwa hawajaona. Badala yake niliandika "jamani tuheshimiane", halafu nikafanya kitu ambacho wakati ule nilikiona cha kikatibu kabisa: nikapiga skrinishoti ya grupu jinsi lilivyo, picha na maoni yaliyo chini yake, nikamtumia Mwenyekiti pembeni ili aone aamue. Mwenyekiti alikuwa kwenye msiba hana miwani, akampa simu binti wa ndugu yake amsomee.

Saa moja usiku picha imeonekana kwenye grupu la kamati ya harusi, ambalo wanachama wetu sita wamo na wanaume wamo. Kila mtu akaanza kumtafuta aliyeitoa. Nilikuwa mkali kuliko wote, nimeandika maneno makali kuhusu watu wasio na siri. Kisha mmoja akanitumia ile picha iliyoko kule nione, nikaifungua, na pale juu saa inasoma 11:31, betri asilimia 9. Dakika ile mimi nilikuwa natafuta chaja. Maoni matatu yanayoonekana chini ndo yale yaliyokuwepo nilipobonyeza, la nne halikuwa limeingia. Ilikuwa yangu.

Nilikaa na hiyo simu mkononi sijui dakika ngapi. Binti alijitumia kwenye simu yake, akampa mwenzake mmoja, mwenzake akaitupa kule. Hakuna kati yetu aliyefanya kwa kumchukia Mama Ming'oko, na mpaka leo nadhani hicho ndicho kinachouma zaidi.

Wifi, yani dada wa mume, alikuwa ameshaiona kwenye grupu letu asubuhi ileile. Yeye alimpelekea kaka yake moja kwa moja. Jumapili mume akapiga. Sio kuuliza unga, kuuliza kwa nini anatangazwa. Mama Ming'oko akaondoka kwenye grupu bila neno, simu ikazimwa siku mbili.

Tuliamua nini na kwa nini

Jumapili usiku Mwenyekiti alifunga grupu likabaki la maadmini tu kuandika. Wengine walilalamika kwamba wanazibwa mdomo, ila kila sentensi iliyokuwa inaandikwa ilikuwa inaongeza kuni, hata zile za kumtetea, maana ili umtetee lazima utaje.

La pili, kuhesabu sanduku. Ile nusu sentensi ya mkopo ilikuwa imeshazaa maneno kwamba Mhazini analipia madeni yake na hela zetu. Jumatatu jioni washika funguo watatu wakafungua mbele ya watu 19, tukahesabu mara mbili, shilingi haikupungua. Mhazini alikaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia chini muda wote. Deni lake lilikuwa la ada ya mtoto. Hakuwa na wajibu wa kutuambia, na akalazimika kutuambia.

Tatu, polisi. Mtoto wa mwanachama mmoja anasoma sheria, tukampigia, spika imefunguliwa. Akasema Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, na hii haikuwa ya uongo, labda kifungu cha 23 kinachozungumzia kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumuumiza hisia, faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote, lakini hiyo nia lazima ionekane. Akataja pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kwamba ipo Tume yake ambako mtu anaweza kulalamika. Ibara ya 16 ya Katiba ya nchi pia, haki ya faragha. Tulimsikiliza vizuri. Aliyemaliza mjadala ni Mama Ming'oko mwenyewe kupitia mdhamini wake: mkipeleka polisi itasomwa na wengine tena, kwa sauti, na mimi nimekaa pale. Tukaacha. Nadhani tuliacha kwa sababu sahihi, ingawa najua kuna wenzangu waliacha kwa sababu waliogopa wao wenyewe waliifowadi.

Nne, kikao cha Jumatano kwenye baraza la Mwenyekiti, na tukamwita Bibi. Bibi ni mkubwa wetu, amewahi kuwa nyakanga, yani kiongozi wa unyago, nusu ya wanawake pale amewaingiza yeye ndani. Hana simu janja, ana kile kitochi. Mtu akaanza kumsomea ujumbe ili aelewe kisa, akainua mkono. "Msinisomee." Akauliza, aliomba lisitoke? Ndiyo. Huyu alikubali? Ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mlipokuwa ndani mliambiwa mambo mangapi, na mangapi mmetoka nayo nje? Mbona yale mmeweza, miaka yote hii, na wengine mnachukiana?" Hakuna aliyejibu. Nje kuna mtoto anapita anauza korosho za kubangua, ndo sauti pekee iliyosikika.

Faini: Mhazini 30,000, mimi 30,000, Wifi 30,000. Wifi alikataa kulipa, akasema kumwambia kaka yake ni haki yake, na hakulipa. Mwenyekiti alitaka kujitoza na yeye, tukabishana, ikaisha kwa yeye kuchinja kuku wawili wa kikao, ambayo sijui inahesabika vipi. Mama Ming'oko alipewa wiki tatu alizoomba. Mimi niliacha uadmini.

Matokeo

Rejesho lililipwa baada ya wiki tano badala ya tatu. Mengine yote yakafuata na mkopo ukaisha. Mhazini alimaliza mzunguko mpaka mgao, hesabu zilikuwa sawa, akasema hagombei tena na hakugombea. Amebadilisha majina yote kwenye simu yake, alinionyesha bila mimi kuuliza. Yeye na Mama Ming'oko wanasalimiana, kila mtu anakwenda zake. Nyumbani kwa Mama Ming'oko kuliendaje baada ya pale sitaandika, halikuwa letu tangu mwanzo.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa halikuwa la simu. Lilikuwa la kuchanganya vitu viwili: deni ni la kikundi, sababu ni ya mtu. Sisi 27 tulikuwa na haki ya kujua kwamba 165,000 haijaingia na itaingia lini, hela ni zetu, na wadhamini wawili walikuwa na haki zaidi yetu sote, na hao ndo walioambiwa mwisho. Kwa nini haijaingia, hilo lilikuwa la Mama Ming'oko na yule aliyemchagua kumwambia. Mhazini angeandika "rejesho la mwanachama namba 14 limesogezwa wiki tatu, wadhamini watajulishwa leo, daftari liko wazi kikao kijacho" asingekuwa amevunja ahadi na asingekuwa amekula hela ya mtu. Sentensi moja. Lakini hakuwa nayo kichwani kwa sababu hatukuwahi kumwandalia, tulimwacha ajitetee peke yake, na mtu anayejitetea hushika kilicho karibu.

Kinachonifanya nisimlaumu sana ni kwamba sisi ndo tuliomfundisha kwamba neno lake halitoshi. Huku mtaani sa hivi ukisema kitu unaulizwa "leta skrinishoti". Imekuwa kama kiapo. Na kama kiapo kinataka picha ya maongezi ya mtu wa pili, basi kila anayekuamini anajikuta ni ushahidi wako wa kesho bila kujua. Hata kama kila neno kwenye picha ni kweli, ukweli wake haukupi ruhusa ya kuuhamisha ukumbi. Mama Ming'oko alikuwa anaongea na mtu mmoja, usiku, kwa lugha ya mtu anayelia. Maneno yaleyale mbele ya wifi yake ni maneno mengine.

Kuhusu simu zenyewe, watu wengi pale kikaoni waliamini kwamba WhatsApp itakuambia mtu akipiga skrinishoti ya maongezi yako. Haikuambii. Snapchat inakuambia, Instagram inakuambia kwa zile picha na meseji za kupotea tu, WhatsApp kwenye maongezi ya kawaida kimya kabisa. Ile ya kutazama mara moja, iliyokuja 2021, kwa picha inazuia skrinishoti, na mwisho wa 2023 ikaongezwa kwa sauti, lakini haizuii mtu kushika simu ya pili akapiga kioo. Meseji za kujifuta baada ya saa 24 au siku 7 au 90 zinasaidia zisikae, hazisaidii kama mtu amekasirika dakika ya tano. Na ile faragha ya ziada ya maongezi waliyoileta 2025 inazuia kuhamisha maongezi nje na picha kujisevu zenyewe, skrinishoti bado inapita. Mtu mmoja aliuliza basi tufanyeje, Bibi akamjibu kabla yetu: "Muende kwa miguu." Tulicheka, ila kwa jambo zito kama lile, ndani ya mtaa mmoja, sioni jibu bora.

Kilichofanya kazi: kufunga grupu haraka, kuhesabu sanduku hadharani kabla uvumi haujakomaa, na kumuuliza aliyeumizwa anataka nini kabla ya kukimbilia sheria. Hili la mwisho lilitokea kwa bahati tu, mdhamini wake alikuwa na namba nyingine ya kumpata.

Kilichofeli ni vingi. Mimi kutofuta. Mimi kusambaza nikidhani naripoti, ambapo ningeweza kumpigia Mwenyekiti nikamwambia Mhazini ameweka meseji ya siri ya mwanachama, niifute? Hiyo ndo taarifa aliyoihitaji, picha hakuihitaji. Faini sawa kwa makosa yasiyo sawa, hilo pia nalipinga mpaka leo, Wifi alichokifanya na Mhazini alichokifanya havilingani na tuliogopa kusema kwa sababu Wifi ana hisa nyingi. Na binti wa msibani hakuna aliyemuita wala kumweleza, tumesema ni mtoto, ana miaka 19.

Tulisahau pia watu watatu ambao maoni yao yalionekana kwenye picha yangu. Mmoja aliweka emoji ya kucheka kabla hajasoma, alikuwa anacheka la juu yake, sasa kwenye grupu la harusi anaonekana anacheka ndoa ya mwenzie. Alikuja kuniuliza kama naweza kuwaeleza. Niwaeleze vipi, niwapigie skrinishoti?

Na zile aplikesheni. Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya 69 zinazokopesha bila leseni, na moja ya malalamiko ya watu ilikuwa kwamba ukichelewa wanawatumia watu waliopo kwenye simu yako ujumbe wa kukuaibisha. Mhazini alikuwa anaishi na hofu hiyo wiki nzima, kwamba mgeni fulani atamwambia mtu wa mtaani kwamba anadaiwa. Kisha akafanya hivyohivyo kwa mkono wake, na ya kwake ikatoka humohumo.

Katiba sasa ina ukurasa wa kumi. Marejesho kwenye grupu yanatajwa kwa namba ya mwanachama, sababu hazitajwi, meseji ya mtu haitolewi alipoiandika bila kumuuliza, na kumuuliza ni kwa mdomo. Imeshavunjwa mara moja, mwezi wa pili tu, na mtu aliyekuwa mstari wa mbele kuipitisha.

Ruhusa

Nilipomaliza kuandika nilimwambia Mama Ming'oko namtumia asome. Akasema usinitumie, njoo unisomee. Nikaenda alasiri, tumekaa nje, yeye anachambua mchicha. Nikasoma yote. Alinikatisha sehemu mbili, moja ilikuwa na kitu kinachomtambulisha, nyingine alisema tu "hapo toa" na sikuuliza. Nilipofika kwenye jina alilosevuwa aliacha mchicha, akanyoosha mkono nimpe simu yangu. Akatafuta namba yake mwenyewe. Nilikuwa nimeandika jina la mwanae halafu Kikoba.

Akaliangalia. Akanirudishia.

"Toa hilo Kikoba," akasema, "mi simo tena."